Jokofu Niachie Mimi

Saa moja ya asubuhi, siku ya Jumatatu, mke wangu alitoka jikoni ameshika pakiti kwa vidole viwili, kama mtu aliyeuziwa samaki asiyemwamini. Akaibonyeza mbele yangu. Pakiti ikabonyea.

"Mzee," akasema, "hii ilitakiwa iwe jiwe."

Nilikuwa nikivaa saa ya mkononi. Sikumaliza kufunga mkanda wake.

Jana yake mkamwana wetu alikuwa ameondoka kwenda mji mwingine, mwendo wa saa sita, kufanya mtihani wa leseni ya ufamasia. Mtihani huo alikwisha kuuahirisha mara moja kwa sababu ya uzazi, na bodi ilimwandikia kwamba haitamwahirishia tena. Karatasi ya kwanza ilikuwa Jumatatu, ya pili Jumanne asubuhi, na jioni ya Jumanne angekuwa nyumbani. Mtoto wake wa miezi mitano alibaki nasi. Mwanangu, baba wa mtoto, ni dereva wa malori ya masafa marefu, na juma hilo alikuwa barabarani. Maziwa ya kopo mtoto alikuwa amejaribiwa mara mbili. Mara zote mbili aliyatapika na uso ukamvimba, hata daktari akatukataza kurudia. Kwa hiyo kwa majuma matatu mama yake alikamua, akafunga katika pakiti, akaandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, akagandisha. Asubuhi ile zilikuwa zimebaki pakiti kumi na tano. Mtoto alihitaji kumi na moja hadi mama yake arudi. Zikiharibika, hapakuwa na njia ya katikati: ingetubidi tumpigie simu aache mtihani.

Leo ninaandika neno "alikamua" bila kusita. Siku ile nisingeweza. Baina ya baba mkwe na mkamwana yapo mambo yasiyotajwa, nami nililelewa, nyumbani na bwenini, kuyaacha yasiyotajwa mahali pake. Mkamwana naye analijua hilo. Karatasi ya maelekezo alimpa mke wangu, wakazungumza jikoni kwa sauti ya chini, nami nikabaki sebuleni na gazeti. Kwangu aligeuka akiwa mlangoni, begi begani.

"Baba, friji halijawahi kusumbua?"

"Jokofu niachie mimi," nikamjibu. "Wewe kaandike mtihani."

Ndivyo nilivyosema. Sasa nilisimama mbele ya jokofu hilo na tone la maji lilikuwa likitambaa kwenye mlango wa juu, wa friza, likishuka polepole mithili ya jasho la mtu anayeficha jambo.

Sikuanza kwa hofu. Nilianza kwa utaratibu. Nilichomoa waya ukutani, nikachomeka pasi katika soketi ile ile. Pasi ikapata moto. Umeme ulikuwepo. Nikarudisha waya, nikafungua mlango wa chini kidogo, taa ikawaka. Nikabana karatasi kati ya mpira wa mlango na fremu, nikaivuta. Ikagoma kutoka, kwa hiyo mpira ulikuwa mzima. Nikaweka sikio ubavuni. Jokofu lenye afya hunguruma, na ngurumo hiyo watu wa nyumbani huizoea hata wasiisikie tena. Nilisikiliza hadi sikio likapoa. Kimya.

Kwenye kioo kidogo cha vitufe, juu ya mlango, palionekana herufi mbili, O na F, mahali ambapo siku zote pana tarakimu. Nikaziandika kwenye karatasi na kuzipigia mstari. Kisha nikampigia fundi ambaye mtaa mzima unamwita Barafu.

"Mzee Mizani! Shikamoo."

"Marahaba. Jokofu langu halipozi."

"Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Linanguruma?"

"Halingurumi."

"Modeli gani?"

"Ni la milango miwili, rangi ya fedha, la kimo cha mtu."

"Mzee wangu, hapo ni kama umeniambia una mgeni na ana pua. Naomba namba ya modeli."

"Mbele pameandikwa mia tatu na ishirini."

"Hizo lita hizo. Tafuta namba yenyewe. Bila namba mimi napiga ramli, na ramli sijasomea. Ndani kuna nini?"

Nikatazama mlango wa juu. Mke wangu alikuwa ukingoni mwa meza, mtoto kiunoni, wote wawili wakinitazama.

"Vyakula," nikasema.

"Basi pikeni, mle, mshibe. Kesho saa tano nakuja. Leo nina friji la bucha limekufa na nyama yote, hata kujikuna sina nafasi."

Akakata.

"Vyakula?" mke wangu akauliza.

"Si vyakula?"

"Mwambie ni maziwa ya mtoto."

"Ataniuliza maziwa gani."

"Utamjibu."

"Mama, mimi ni baba mkwe."

"Na huyu Bosi ndiye baba mkwe wa nani?" Alimwinua mtoto kidogo, kana kwamba mimi sikuwa nimemwona. Mke wangu humwita mjukuu wetu Bosi kwa sababu, asemavyo, ndiye pekee nyumbani anayefoka na watu wakakimbia. "Yeye haulizi heshima saa ngapi. Anauliza chupa."

Nilipiga simu tena. Haikupokelewa. Nikapiga mara ya tatu, nikitembea kutoka jikoni hadi sebuleni na kurudi, nikihesabu hatua bila kutaka: kumi na saba kwenda, kumi na saba kurudi. Haikupokelewa.

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa mizani miaka thelathini na mmoja. Nimepima mizani za dhahabu na mizani za magunia, na hapana chombo kilichowahi kunipita bila bamba lake kusomwa. Ikiwa kilichotakiwa kilikuwa namba, basi kilitakiwa kwangu. Nikavua shati, nikabaki na fulana, nikalivuta jokofu kutoka ukutani inchi kwa inchi.

Nyuma yake niliaibika. Kila Jumapili mimi hulifuta jokofu hilo mbele na ubavuni, kama tulivyofundishwa bwenini, ambako mwalimu wa zamu alipitisha leso nyeupe juu ya kila kabati na leso ikichafuka, bweni zima hukosa kwenda mjini. Lakini nyuma leso yangu haikuwahi kufika. Mabomba membamba yanayotoa joto yalikuwa yamevikwa vumbi zito la kijivu. Nikachukua brashi ya viatu, nikapiga magoti, nikayasugua bomba moja baada ya jingine, nikipiga chafya, nikiwa na hakika kwamba nimekwisha kuupata ugonjwa. Jokofu lililofungwa namna hii pumzi, nilijiambia, litapoaje? Nikalichomeka. Nikasubiri. Nikaweka sikio.

Kimya kile kile.

"Limesema nini?" mke wangu akauliza.

"Halijasema."

Bamba lilikuwa hapo nyuma, limebandikwa chini, pembeni. Mstari wa juu ulikuwa umefutika kwa kusuguana na ukuta. Mstari wa pili ulisomeka wote, tarakimu kumi na nne. Sikusikitikia ule wa kwanza. Katika kazi yangu modeli ni jambo dogo. Mizani elfu moja zaweza kuwa za modeli moja, mia tisa tisini na tisa zikawa za haki na moja ikawa ya mwizi. Anayetafutwa ni huyo mmoja, naye hujulikana kwa namba yake mwenyewe, isiyofanana na ya mwingine yeyote. Kwa namba hiyo nimewafikisha wafanyabiashara mahakamani. Nikainakili, nikaisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo, kama ipasavyo.

"Ndani pia kuna kibandiko," mke wangu akasema. "Nakionaga nikitoa droo ya mboga. Ubavuni, kushoto."

"Mlango haufunguliwi."

"Friza liko juu. Droo iko chini."

"Haufunguliwi wa juu wala wa chini. Kila ufunguliwapo, baridi hutoka. Namba ninayo."

Nikaburuta kiti cha meza ya chakula, nikakiegemeza kwenye milango ili pasiwe na shaka. Mke wangu alikitazama kiti, akanitazama mimi, akamhamisha mtoto kutoka kiuno hiki hadi kile.

"Askari umemweka," akasema. "Sasa kamlete daktari."

Nikavaa shati safi, nikatoka kwa miguu. Ilikuwa saa nne na robo. Mtaa ulikuwa katika kazi zake: mwanamke alikuwa akimwaga maji mbele ya duka, muuza vyombo akipanga sufuria kwa ukubwa, pikipiki mbili zikibishana njia. Watu walinisalimu, nami niliitika bila kusimama, jambo ambalo si desturi yangu. Kila kilichokuwa baridi kiliyavuta macho yangu. Dukani mtu alifungua friji la soda akasimama mlango wazi, akichagua, akirudisha, akichagua. Ilinichukua nguvu kutomwambia afunge. Kichwani sikuwa na mtaa. Nilikuwa na pakiti kumi na tano, na jua lililokuwa likipanda juu yake.

Karakana ya Barafu ni chumba kirefu chenye mlango wa chuma wa kukunja. Majokofu yalisimama pande zote mbili bila milango, matumbo wazi, na waya zikining'inia. Mabomba ya shaba yalikuwa yamekunjwa mviringo na kutundikwa ukutani, na hewa ilinuka risasi ya kuchomelea na sabuni. Kwenye benchi aliketi mwanamke mnene mwenye blenda mapajani. Barafu mwenyewe alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la kioo la bucha, ni mgongo tu ulioonekana.

"Fundi, namba hii hapa."

Akatoa mkono bila kugeuka, akaipokea karatasi, akaisoma.

"Mzee Mizani, umeandika vizuri kama cheti. Lakini hii ni siriali."

"Ndiyo. Ndiyo namba ya chombo."

"Hii inaniambia friji lako lilizaliwa siku gani. Mimi nataka ukoo wake. Yako mafriji ya milango miwili ya fedha aina mia, kila moja na tabia zake. Hili ukilibonyeza hapa linacheka, lile linanuna. Namba ya modeli, mzee. Ile yenye herufi."

"Imefutika."

"Ya nyuma hufutika. Ya ndani haifutiki. Iko karibu na droo ya mboga."

Mwanamke wa blenda akasogea benchini.

"Mzee wangu, kaa basi."

"Ninashukuru, mama. Sitakaa."

"Kesho saa tano, mzee," Barafu akasema kutoka nyuma ya friji. "Nimekuahidi, nitakuja. Mtu hafi kwa kukosa maji ya baridi siku moja. Hizo nyama mlizonazo zikaangeni, maziwa yachemsheni..."

"Hayachemshwi," nikasema.

"Maziwa gani hayachemshwi?"

Nilikuwa nimefika mahali ambapo njia ilikuwa moja tu, nami nilikuwa nikiizunguka tangu saa moja ya asubuhi. Kwa sababu ya neno moja fundi alikuwa ameweka nyama ya bucha mbele ya mjukuu wangu, naye hakuwa na kosa, kwa maana mimi ndiye niliyempa mizani ya uongo akapimia.

"Ni maziwa ya mkamwana wangu," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Aliyakamua mwenyewe kwa ajili ya mtoto wake. Yeye yuko kwenye mtihani, na mtoto hanywi mengine. Yakiharibika atauacha."

Nyundo iliyokuwa ikigonga mahali fulani nyuma ya karakana ilinyamaza. Nilitazama ukutani, kwenye mabomba ya shaba. Nilitarajia kicheko, nilikuwa tayari kukipokea.

Mwanamke wa blenda ndiye aliyesema kwanza. "Sasa si ungesema tangu asubuhi? Na wewe fundi, achana na nyama za watu hizo, zilishakufa!"

Barafu alikuwa amekwisha kuinuka. Alijifuta mikono kwenye suruali. Hakuwa na mzaha usoni.

"Ulisema taa inawaka na halingurumi. Kioo cha mbele kinaonyesha nini?"

"Herufi O na F. Nimeandika chini ya karatasi. Nimezipigia mstari."

Akaigeuza karatasi. "Mbona kwenye simu hukusema?"

"Hukuniuliza."

Mwanamke wa blenda akaguna.

"Jana ulilisafisha?" Barafu akauliza.

"Kila Jumapili ninalisafisha."

"Na pale kwenye vitufe?"

"Pale zaidi."

Na hapo nikayaona yote. Mkamwana, kabla ya kuondoka, alikuwa amesimama mbele ya kioo kile akihakikisha baridi ya friza, na vidole vyake vilikuwa vimeacha alama. Saa tisa alasiri, mara tu nilipotoka kumsindikiza, nilichukua kitambaa nikazifuta. Hazikutoka haraka. Nikakandamiza kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande, nikasugua hadi kioo kikang'aa.

"Lililia?" akauliza. "Tiiit, hivi?"

"Lililia."

"Ukafanyaje?"

"Nilidhani limeridhika."

Sasa walicheka, wote wawili, na yule wa nyundo nyuma ya karakana akawa wa tatu. Sikuwalaumu.

"Mzee, umelirudisha friji dukani," Barafu akasema. "Madukani huwekwa katika hali ya maonyesho. Taa zinawaka, mteja anafungua, anafurahi, lakini kompresa imelala. Nani atalipia umeme wa kupoza hewa? Vitufe viwili ukivishika pamoja kwa muda linaingia hali hiyo. Halijaharibika hata kidogo. Ila kila modeli ina vitufe vyake vya kulitoa, na ukikosea unaweza kulifunga kabisa. Nani yuko nyumbani?"

Nikampigia mke wangu, nikaweka simu kwenye spika juu ya friji la bucha.

"Mama, ondoa kiti. Fungua mlango wa chini, utoe droo ya mboga."

"Nimeshaitoa zamani," sauti yake ikasema. "Kiti chako kiko uani, kinaota jua. Nimeandika kila kitu, nangoja tu mtu aniulize."

Barafu aliinama kwenye simu. "Shikamoo mama. Nisomee."

Akasoma herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja. Alisoma kama asomavyo orodha ya sokoni, haraka na bila kosa.

"Herufi ya mwisho, mama, ni T au F?"

"T. T ya tumbo. Ningeshindwa kujua tumbo, mimi?"

Barafu alivuta daftari lenye kurasa zilizolowa mafuta, akapitisha kidole chini, ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Nilikisimamia kidole kile kama nilivyosimamia mshale wa mizani. Kikatua.

"Sawa. Mama, shika kitufe cha friza na kitufe chenye picha ya kufuli, vyote pamoja, usiachie mpaka lilie."

"Mkono mmoja una mtoto."

"Mweke chini kidogo."

"Bosi hawekwi chini. Nimeshika kwa kidole na gumba, ninyi wanaume hamjui mikono ilivyo mirefu." Tulisikia mtoto akipumua karibu na simu. Kisha, mbali kidogo, mlio mwembamba. "Limelia. Zimekuja tarakimu. Kumi na moja, haina alama ya kutoa mbele."

"Hilo ndilo joto la friza sasa hivi. Linanguruma?"

"Hapana."

Nikamtazama Barafu.

"Kompresa hujivuta dakika tano hivi kabla ya kuamka," akasema. "Inajilinda. Tungoje."

Dakika tano! Nimefanya mitihani ya saa tatu iliyokuwa mifupi kuliko hizo. Nilikwenda hadi mlangoni nikarudi. Nilisoma majina ya vipuri kwenye rafu. Mwanamke wa blenda alinisogezea nafasi benchini kwa mara ya pili, nami bila kujua nikakaa. Alikuwa akilegeza kifuniko cha blenda yake na kukikaza, akilegeza na kukaza.

"Mama, vipi?" Barafu akauliza.

"Bado. Ngoja." Kisha sauti yake ikabadilika. "Nyamazeni huko."

Aliiweka simu ubavuni mwa jokofu. Mwanzo palikuwa na mkwaruzo tu. Halafu pakaja kikohozi kifupi, na nyuma ya kikohozi ngurumo ya chini, ya mfululizo, ile ile ambayo kwa miaka saba sikuwahi kuisikiliza.

Nilimshukuru Barafu kwa kumpa mkono. Alirudi nyuma ya friji la bucha kabla sijamaliza sentensi.

Nyumbani, nilikuta mke wangu ameweka sinia mezani na karatasi ya mkamwana kando yake. Alikuwa amezichambua pakiti, akazipapasa moja moja haraka na kurudisha zile zilizofaa. Karatasi ilisema wazi: iliyoyeyuka yote isigandishwe tena, ikae friji la chini na itumike ndani ya siku moja, ambayo bado ina vipande vya barafu yaweza kurudi friza. Zilizoyeyuka zilikuwa sita. Zenye barafu, zilizokuwa katikati zimezungukwa na nyingine, zilikuwa nane.

"Sita za leo mpaka kesho asubuhi," mke wangu akasema. "Nane za kesho. Zimetosha. Nimenusa zote, nimeonja moja, hazina neno."

Nilikaa, nikasimama, nikaenda kusikiliza ngurumo, nikarudi. Mke wangu alinitazama nikifanya hivyo mara tatu.

"Limepona, Mzee. Wewe ndiye hujapona."

"Nitamwambia."

"Nani?"

"Mwenye maziwa."

Aliweka kitambaa chini. "Kesho ana karatasi ya pili. Akipiga simu, mwambie salama. Ni salama kweli, hujadanganya. Mengine akirudi, tutacheka."

Maneno yake yalikuwa na uzito, nami niliyapima kwa haki. Ni kweli kwamba maziwa yalikuwa salama. Ni kweli pia kwamba binti yule angelala kwa amani. Lakini pakiti sita hazikuwa tena kama alivyoziacha, na aliyejua ni kwa saa ngapi zaidi mtoto wake aweza kunyweshwa maziwa yale hakuwa mimi, alikuwa yeye. Nimewaadhibu watu kwa kubandika muhuri wa "sahihi" juu ya mizani iliyokuwa sahihi kwa bahati tu.

Simu ya mke wangu iliita saa saba. Nikaipokea mimi.

"Mama, shikamoo, Bosi hajambo?"

"Ni baba."

Sikuwa nimewahi kuipokea simu hiyo. "Shikamoo, baba. Kuna nini?"

"Marahaba. Mtoto hajambo, mama hajambo. Karatasi ilikuwaje?"

"Nzuri. Baba, kuna nini?"

Nikaripoti. Nilisimama wima, ingawa hakuniona. Nilimwambia kwamba jokofu liliacha kupoza tangu jana saa tisa alasiri hadi leo saa tano na nusu. Kwamba halikuharibika, ni mimi niliyebonyeza vitufe nikifuta alama za vidole vyake. Kwamba nilichelewa kwa sababu niliona haya kumwambia fundi kilichokuwa ndani. Mke wangu alikuwa amefumba macho.

Upande wa pili nilisikia sauti za watu wakilinganisha majibu kwenye ukumbi. Kisha mlango ukafungwa na sauti zikapungua.

"Zilizoyeyuka ni ngapi?" akauliza.

"Sita. Nane bado zina barafu katikati."

"Mlizigusa zikiwa baridi au zikiwa vuguvugu?"

"Baridi. Kama maji ya mtungini. Mama yako amenusa zote na kuonja moja."

"Sita ziko wapi sasa?"

"Friji la chini, rafu ya juu, nyuma. Limeshafika nyuzi tano."

Alikuwa akihesabu, nilimsikia akihesabu kwa pumzi. Nilingoja kama nilivyongoja ukurasa wa daftari la Barafu, pengine zaidi. Angesema anarudi, ningesema ndiyo. Sikuwa na haki ya neno jingine.

"Zinafaa," akasema. "Mpaka kesho saa nne asubuhi. Ikifika saa nne mwageni iliyobaki, hata kama inanukia vizuri. Baada ya hapo zile nane."

"Ndiyo."

"Na usilifute tena mpaka nirudi, baba."

"Silifuti."

Nilidhani ataomba kuzungumza na mama mkwe wake. Lakini wakati huo huo mjukuu, aliyekuwa ameamka, akafoka kutoka chumbani, na sauti ilimfikia hata huko.

"Amekunywa saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Ana njaa huyo. Mpe, baba."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amelaza mikono yake miwili ndani ya beseni la vyombo, hadi kwenye viwiko, na hakuonyesha dalili ya kuitoa.

Kwa hiyo nilifungua mlango wa chini. Nikaitoa pakiti, baridi na laini, yenye mwandiko wa mkamwana wangu, nikaimimina katika chupa bila kumwaga hata tone, nikaiweka ndani ya bakuli la maji ya moto kama karatasi ilivyoelekeza, nikapima kwa tone moja nyuma ya kiganja. Nikamchukua mtoto. Alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka, na alikuwa na hasira nami ya haki. Alilikataa titi la chupa mara moja, akageuza uso. Mara ya pili akalipokea.

"Weka simu karibu," sauti ikasema kutoka mezani. "Nataka nimsikie anavyomeza."

Niliishika kwa mkono wa kushoto, karibu na shavu lake. Mtoto alimeza kwa vishindo vidogo, akapumzika, akameza, na upande wa pili pumzi ya mama yake ikawa inakwenda pamoja naye. Mkono wa simu ulianza kuuma begani. Sikuushusha. Maziwa yalikuwa bado nusu chupa.